Tumejua kujenga, sasa tujifunze kuziba nyufa

Tangu mwezi wa Aprili mwaka wa 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) ilipoidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu za tarakilishi katika shule za msingi na za upili, pamekuwa na shangwe si haba miongoni mwa walimu na wazazi. Husikika kauli kwamba watoto wetu hawatakuwa tena watumiaji wa vitu vya wengine, bali watakuwa wabunifu wa vyao wenyewe. Shangwe hiyo nami naishiriki. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo sijalisikia likiulizwa katika vikao nilivyohudhuria: programu ikishaandikwa, nani ataitunza?

Kwetu sisi wa Kakamega, swali hili si geni. Chuo cha WECO, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilianzishwa mwaka wa 1972 kwa nguvu za harambee, na mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Ni fahari yetu. Lakini hebu yeyote aliyelelewa katika sehemu hii akumbuke: ni mara ngapi amealikwa kwenye harambee ya kujenga darasa, na ni mara ngapi amealikwa kwenye harambee ya kuziba paa la darasa linalovuja? Jina la mgeni wa heshima huchongwa katika jiwe la msingi. Fundi anayepanda juu ya paa baada ya miaka kumi hana jiwe.

Tabia hiyo ndiyo ninayohofia kwamba tunaipeleka katika tarakilishi, na hasa katika mifumo endeshi huria kama vile Linux. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiwezesha mashine kufanya kazi na programu nyingine zote. Linux ilianza mwaka wa 1991, mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alipoutangazia ulimwengu kwamba alikuwa akiandika mfumo wake kwa kujifurahisha tu. Leo kiini cha mfumo huo kina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo. Ndicho kinachoendesha simu zote za Android, na tangu mwaka wa 2017 tarakilishi zote 500 zenye nguvu kupita nyingine duniani zimekuwa zikiendeshwa nacho. Mwalimu anayetuma pesa kwa simu yake ya Android sokoni Kakamega anategemea kiini hicho, ajue asijue.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kufikiri. Waingereza wana neno moja la kutajia kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa minyororo, nao wamelazimika kuandika kurasa nyingi wakifafanua tofauti hiyo. Sisi tunayo maneno mawili, bure na huru. Programu hizi ni huru kwanza. Ubure wake ni matokeo tu. Uhuru wenyewe ni kwamba msimbo uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwapa wengine marekebisho yake. Lakini tusisahau kwamba neno bure lina maana nyingine pia: pasipo faida. Haki ya kurekebisha ambayo hakuna anayeitumia ni haki ya bure kwa maana hiyo ya pili.

Je, kurekebisha huko hufanyika vipi? Mtu anapoona kasoro huandika ripoti. Mwingine huitafuta kasoro katika msimbo, akatengeneza kiraka, yaani mistari michache ya kuondoa kilichoharibika na kutia kilicho sawa. Kiraka hicho hupelekwa kwa mtunzaji wa sehemu ile ya mfumo, ambaye hukisoma, hukikataa au hukikubali, na kila aliyekipitisha hutia jina lake ili ijulikane kilikotoka. Neno kiraka tumelirithi kutoka kwa mshonaji nguo, na linafaa, kwa maana kiraka kibaya huipasua nguo upya.

Kuna watu wanaoamini kwamba msimbo ukiwa wazi, macho ni mengi, na kasoro haziwezi kujificha. Imani hiyo ina ukweli, ila ina mipaka. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2014 iligunduliwa kasoro kubwa katika Bash, programu ya kupokea amri iliyomo katika mifumo mingi ya aina hii. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo tangu mwaka wa 1989. Kwa robo karne msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, na ndiyo sababu kila mtu alidhani kwamba mwingine ameutazama. Walimu wanaijua hali hii. Shati lililoraruka la mtoto wa bweni huonwa na wote na kushonwa na hakuna.

Kisa cha mwaka wa 2024 kinatisha zaidi. Programu ndogo iitwayo XZ, inayobana mafaili katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea, ambaye alikwisha kusema hadharani kwamba nguvu zake zilikuwa zimepungua. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan. Mtu huyo aliendelea kuleta viraka vya manufaa kwa zaidi ya miaka miwili, huku wengine wakimsukuma mtunzaji akubali msaada, mpaka akakabidhiwa sehemu ya madaraka. Mwezi wa Februari na wa Machi akatoa matoleo mawili yenye mlango wa siri, ambao ungemwezesha kuingia katika mashine za watu bila idhini. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kuona kwamba kuingia katika mashine yake kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Angalisema kwamba nusu sekunde si kitu, huenda madhara yangalienea duniani kote.

Funzo la kisa hicho, kwa maoni yangu, si kwamba programu huria hazifai. Katika programu iliyofungwa, Freund asingaliweza kuufuatilia msimbo hata akauona mlango. Funzo ni kwamba ulimwengu mzima ulikuwa umeegemea bega la mtu mmoja aliyechoka, na aliyejitokeza kumpokea mzigo alikuwa mwizi. Pale ambapo wema hawaji kusaidia, nafasi haibaki wazi.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Uswidi, waliendesha mradi wa Kilinux, ambao azma yake ilikuwa kuzileta programu huria kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka na kupigia hesabu iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziweka programu zake katika Kiswahili. Wengi wetu tuliosomea isimu tuliona kwamba lugha yetu imevuka mto.

Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya riwaya. Riwaya ikishatafsiriwa imekwisha. Programu haimaliziki. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1 la programu asilia. Mnamo Oktoba 2005 likatoka toleo la 2.0, na mwaka wa 2010 programu yenyewe ikagawanyika na kuzaa LibreOffice. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, na sentensi ambayo haijatafsiriwa hubaki katika Kiingereza. Kwa hiyo tafsiri isiyotunzwa haisimami pale ilipoachwa. Hurudi nyuma kila mwaka. Waasisi wa Dar es Salaam wanastahili heshima kubwa. Walichohitaji baada yao ni warithi, na warithi hawapatikani kwa tangazo la uzinduzi.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliuweka mfumo huria katika tarakilishi yangu, nikachagua lugha ya Kiswahili. Siku moja nikaona kwenye skrini maneno haya: "Jedwali imefutwa." Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza ataona kilichoharibika. Aliyeandika programu aliweka sentensi moja yenye nafasi tupu mbele ya kitenzi, na nafasi hiyo hujazwa kwa jina lolote la kitu kilichofutwa. Kwa Kiingereza hilo halina taabu. Kwa Kiswahili, picha imefutwa, waraka umefutwa, kitabu kimefutwa, jedwali limefutwa. Mashine haikukwama, wala mhandisi wa Helsinki au Bangalore asingalijua kwamba pana kasoro. Ni jicho la mwalimu wa sarufi pekee ambalo lingeiona.

Nikafanya nini? Nilichukua sentensi ile nikaifanya mfano wa kufundishia upatanisho wa kisarufi. Wanafunzi walicheka, nami nilicheka, muhula baada ya muhula. Hatimaye mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akainua mkono, akauliza: "Daktari, je, uliwaarifu wenyewe?" Sikuwa nimewaarifu. Nilikuwa nimefanya mzaha kwa ufa wa nyumba ninayoishi.

Jioni hiyo niliandika ripoti. Nilieleza nilichofanya, nilichoona, nilichotarajia kuona, toleo la programu, na pendekezo la sentensi isiyohitaji upatanisho na jina litakalojaza nafasi: "Ufutaji umekamilika", kisha nukta mbili na jina la kitu. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kusahihisha insha mbili. Baada ya majuma machache nilijibiwa na mtunzaji nisiyemjua. Alishukuru, akasema kosa limeondolewa, kisha akauliza kama ningekubali kuzitunza sentensi zote za Kiswahili za programu ile, kwa kuwa aliyekuwa akizitunza alikwisha kuacha zamani.

Nilikaa siku tatu kabla ya kumjibu. Nilijua kwamba kazi ile haina malipo, haina cheo, na haiwezi kuandikwa katika fomu ya kuombea kupandishwa daraja. Makala yangu kuhusu upatanisho, ambayo huenda ikasomwa na watu ishirini, inahesabiwa. Sentensi mia nne zilizosahihishwa mbele ya macho ya kila mtumiaji wa programu hiyo hazihesabiwi. Nilikubali hatimaye, kwa nia ya kuwashirikisha wanafunzi wangu. Lakini zile siku tatu zimenifundisha kwa nini nafasi za namna hii hukaa wazi.

Kwa hivyo nina mapendekezo machache. Kwanza, katika masomo ya uandishi wa programu, mwanafunzi asifundishwe kuandika msimbo wake mpya tu. Asomeshwe msimbo wa mtu mwingine, autafutie kasoro, aitengeneze bila kuharibu kingine. Stadi hiyo ni ngumu zaidi, na kwa kuwa msimbo huria uko wazi, kitabu cha kiada tayari tunacho.

Pili, vyama vya Kiswahili katika shule zetu vijiunge na kazi hii. Si lazima mtu ajue kuandika programu ndipo afae. Mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umechukua jina lenye mzizi mmoja na neno letu utu; ni aibu kwa mfumo wenye jina la Kibantu kukosea ngeli za Kibantu huku sisi wenye ngeli tukitazama. Tena ripoti nzuri ya kasoro ni zoezi bora la uandishi: lazima iwe fupi, kweli na yenye mpangilio.

Tatu, vyuo vikuu vihesabu kazi ya utunzaji vinapowapima wahadhiri. Na nne, wizara na kaunti zinaponunua tarakilishi za shule, fungu la kutunza litengwe siku ile ile ya fungu la kununua. Si haki utunzaji wote uachiwe watu wa kujitolea ilhali makampuni tajiri na serikali hufaidi jasho lao.

Najua jibu la mwalimu mwenzangu: mzigo umezidi, madarasa yamejaa, umeme hukatika. Yote ni kweli. Lakini mwalimu ndiye mtu ambaye maisha yake yote ni kurekebisha. Kila jioni hukaa na kalamu nyekundu akisahihisha makosa ambayo hakuyatenda, katika kazi ambayo haitakuwa na jina lake. Hakuna aliyefunzwa vyema zaidi kwa kazi hii kuliko yeye.

Mvua ya Kakamega hunyesha karibu kila alasiri katika msimu wake, na haiulizi darasa lilijengwa na nani.