Sheria "Isiyoandikwa" na Vitabu Vyake

Mwaka 1268 alifariki kasisi na jaji mmoja wa Uingereza, Henry wa Bratton, akazikwa katika kanisa kuu la Exeter. Miaka 9 baadaye, huko Nawa, kusini mwa Damascus, alifariki mwanachuoni Yahya bin Sharaf, ambaye Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki wanamjua kwa jina la Imam Nawawi. Kila mmoja aliacha kitabu cha sheria kinachohusishwa na jina lake. Kitabu cha Nawawi, Minhaj al-Talibin, kilisomwa Lamu, Mombasa na Unguja kizazi baada ya kizazi, na kadhi aliyekifungua kabla ya kutoa hukumu hakuona haja ya kuficha. Kitabu cha Bratton, kilichoandikwa kwa Kilatini kuhusu sheria na desturi za Uingereza, nacho kilifunguliwa na majaji kwa karne nyingi. Ila warithi wa Bratton wamefaulu kuuaminisha ulimwengu kwamba wao hawana kitabu.

Imani hiyo anaijua kila aliyepita darasa la sheria Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Sheria ya Wafaransa na Wajerumani, mwanafunzi huambiwa, ilitungwa na maprofesa. Sheria ya Waingereza, ile ambayo mawakili huiita komoni loo, haikutungwa na mtu. Ilichipuka katika mila za watu, majaji wakaipalilia kesi baada ya kesi, mpaka ikawa hekima ya taifa zima. Ni hadithi tamu, na kama hadithi nyingi tamu imeacha nje wahusika wakuu.

Mhusika wa kwanza hata hatumjui vizuri. Kati ya 1187 na 1189 kilitoka kitabu kinachoitwa Glanvill, kwa jina la Ranulf de Glanvill, hakimu mkuu wa Mfalme Henry wa Pili. Huenda Glanvill hakuandika hata ukurasa mmoja. Wataalamu wamewataja watu wengine kadhaa. Aliyekiandika, awe nani, alizichukua hati ambazo mfalme alizitoa kuanzishia mashauri, akazipanga, akaeleza kila moja inamfungulia nani mlango wa mahakama na kwa utaratibu gani. Utangulizi wake unatetea kwamba sheria za Uingereza, ingawa hazijaandikwa, zinastahili kuitwa sheria. Kitabu cha Bratton kikaja kurudia jambo hilo hilo. Kwa hiyo habari kwamba sheria hii haina kitabu tumeipata kitabuni.

Bratton mwenyewe ndiye mfano mzuri zaidi. Wanasheria humwita Bracton, na hata hilo ni kosa la wanakili lililoota mizizi. Uchunguzi wa Samuel Thorne, aliyekihariri na kukitafsiri kitabu hicho katika juzuu 4 kati ya 1968 na 1977, ulionyesha kwamba sehemu kubwa iliandikwa kabla ya Bratton, miongoni mwa makarani wa majaji Martin wa Pateshull na William wa Raleigh, na kwamba Bratton alikuwa zaidi mhariri kuliko mtunzi. Mpangilio wake na istilahi zake nyingi zilikopwa kwa Azo, mwalimu wa sheria ya Kirumi wa Bologna. Ndiyo, Bologna: mji wa maprofesa wale wale ambao komoni loo hujisifu kwamba haikuwahitaji.

Mtetezi wa imani hii atajibu haraka kwamba Bracton anataja kesi zipatazo 500. Ni kweli, na sifa hiyo apewe. Lakini kesi hizo zilichaguliwa. Waliozikusanya waliwaenzi majaji wa kizazi kilichotangulia, na kitabu kinafunguka kwa kuwalalamikia wajinga waliopanda viti vya hukumu kabla ya kuijua sheria. Maamuzi ya wazee waliowapenda yalihifadhiwa, mengine yakaachwa yaoze kwenye magombo ya ngozi. Mwenye kuchagua kesi zipi ziishi na zipi zife anatunga sheria, hata kama anajiita mwandishi tu.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hulipita kimya. Kanuni kwamba uamuzi wa jana unamfunga jaji wa leo ndiyo wanayoitaja kama roho ya mfumo mzima. Kwa sura yake kali ni changa mno. Ni mwaka 1898 ambapo Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilitangaza bila kuacha shaka kwamba linafungwa na maamuzi yake lenyewe. Mwaka 1966 likajifungua. Miaka 68 tu! Glanvill alikuwa na zaidi ya miaka 700 kesi hiyo ya 1898 ilipoamuliwa. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, mwanasheria wa Uingereza aliyetaka kujua sheria inasemaje alikuwa na kumbukumbu za mashauri zilizoandikwa shaghalabaghala, na alikuwa na vitabu vichache vilivyompa dira ndani ya msitu huo.

Haitakuwa haki kusema vitabu hivyo vilileta shari tupu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 17, Mfalme James wa Kwanza alidai kwamba yeye pia ana akili kama majaji, hivyo anaweza kuamua mashauri. Edward Coke, aliyekuwa Jaji Mkuu wa mahakama ya madai ya kawaida, anasimulia kwamba alimjibu mfalme kuwa akili ya sheria haizaliwi na mtu, hupatikana kwa kusoma miaka mingi, kisha akamkumbusha fundisho la Bracton kwamba mfalme hayuko chini ya mtu yeyote lakini yuko chini ya Mungu na sheria. Masimulizi hayo ni ya Coke mwenyewe na yalichapishwa 1656, miaka 22 baada ya kifo chake. Barua ya mtu wa wakati huo inasema kwamba mfalme alipofura kwa hasira, shujaa wetu alianguka chini kwa mikono na magoti akiomba radhi. Lakini dunia inamkumbuka yule Coke wa kwenye kitabu. Nguvu ya kuandika ndiyo hiyo.

Mfalme aliyefuata, Charles wa Kwanza, hakuamini hata kidogo kwamba komoni loo haina vitabu. Mwaka 1634, Coke akiwa kitandani anakata roho, watu wa mfalme waliingia nyumbani kwake wakazoa maandishi yake. Serikali haiwezi kuogopa karatasi za mzee anayekufa kama sheria inakaa katika mila za wananchi na vifua vya majaji. Bunge lilipopata nguvu likadai karatasi zirudishwe, na sehemu zilizobaki za kitabu chake kikuu, Institutes, zikachapishwa 1642 na 1644. Magna Carta ambayo Wamarekani waliibeba kama ngao ya uhuru ni ile iliyopita mikononi mwa Coke. Makubaliano ya mwaka 1215 kati ya mfalme na makabaila wake aliyasoma kana kwamba yaliandikwa kwa ajili ya kila raia.

Katika kitabu hicho hicho cha 1644 Coke aliandika maana ya kuua kwa kukusudia, akaweka na sharti la kale kwamba aliyejeruhiwa lazima afe ndani ya mwaka mmoja na siku moja. Lilikuwa na mantiki zama ambazo tabibu hakuweza kueleza kwa nini mtu aliyepigwa rungu msimu uliopita amekufa leo. Waingereza walilibeba sharti hilo mpaka makoloni. Linapatikana katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 215, na katika ile ya Tanzania, kifungu cha 205. Uingereza yenyewe ililifuta mwaka 1996, zama za mashine za kupumulia, ambapo mgonjwa anaweza kulala hospitalini miaka mitatu kabla ya kufa kwa jeraha lile lile.

Hata hivyo, sharti la Coke ni dogo likilinganishwa na sentensi moja ya Matthew Hale.

Hale alikuwa jaji aliyeheshimika sana, mcha Mungu, mtu wa kusoma. Mwaka 1662, huko Bury St Edmunds, aliongoza kesi ambayo wanawake wawili wajane, Amy Denny na Rose Cullender, walihukumiwa kunyongwa kwa uchawi. Alifariki 1676 akiacha muswada mkubwa kuhusu makosa ya jinai, ambao haukuchapishwa hadi 1736. Humo aliandika kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe, kwa sababu mke alishajitoa kwa mumewe siku ya ndoa na hawezi kuirudisha nyuma ridhaa hiyo.

Hakutaja kesi hata moja, wala amri ya bunge, wala desturi ya kijiji chochote. Wahenga walisema msema pweke hushinda, na Hale alisema pweke kwa muda mrefu sana. Waandishi waliofuata walimnakili Hale. Majaji wakawanakili waandishi. Kila aliyenukuu aliongeza uzito, kana kwamba mashahidi wanaongezeka, kumbe shahidi ni yule yule mmoja na alikwisha kufa. Mwaka 1949 jaji mmoja wa Uingereza alithubutu kutoboa tundu: mume anaweza kushtakiwa ikiwa mahakama ilikwisha kutoa amri ya kuwatenganisha. Ukuta wenyewe uliendelea kusimama hadi Oktoba 1991, Baraza la Malodi lilipotamka katika kesi ya R dhidi ya R kwamba kanuni hiyo haina nafasi tena katika sheria. Tangu kitabu kichapishwe ilikuwa imepita miaka 255.

Watetezi huitaja kesi hiyo kwa fahari: tazameni, majaji walirekebisha, mfumo unajisafisha wenyewe. Hoja hii inasahau kuuliza uchafu ulitoka wapi. Kama Hale angekuwa mbunge na sentensi yake ikawa kifungu cha sheria, ingejulikana ilipitishwa lini, nani aliiunga mkono na nani aliipinga, na mtu angeweza kusimama bungeni kudai ifutwe. Kama angekuwa mwanachuoni kama Nawawi, wanachuoni wengine wangeandika sherehe, yaani ufafanuzi, juu ya kitabu chake wakimtaka dalili, kama walivyofanya na Minhaj. Lakini kwa kuwa komoni loo haina vitabu, maneno ya Hale hayakuhesabiwa kuwa maneno ya Hale. Yalihesabiwa kuwa sheria yenyewe, iliyokuwepo tangu zamani, ambayo yeye aliiona tu akaiandika. William Blackstone, ambaye juzuu zake 4 za 1765 hadi 1769 zilienea Marekani karibu kama zilivyoenea Uingereza, aliifanya hoja hiyo kuwa fundisho rasmi: jaji hatungi sheria, anaitangaza. Jeremy Bentham, aliyemsikiliza akifundisha Oxford akiwa kijana wa miaka 16, hakukubali, na mwaka 1776 alichapisha kitabu cha kumshambulia. Alikuwa sahihi, ingawa maisha yake yote hakuacha kugombana na kila mtu, na hilo halikumsaidia.

Mawakili wa Uingereza walikuwa na desturi moja ambayo ilikuwa kichekesho kamili: mwandishi wa kitabu cha sheria hakupaswa kutajwa mahakamani kama hoja yenye uzito akiwa bado hai. Akifa, sawa. Pengine walihofia kwamba aliye hai anaweza kubadili mawazo, au, vibaya zaidi, kuulizwa maswali.

Anayedhani haya ni mambo ya makumbusho aangalie Washington. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba katika kesi ya Dobbs, Jaji Samuel Alito, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, aliwaita mashahidi wake kwa majina: Bracton, Coke, Hale, Blackstone. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga. Hilo ni suala jingine. Ila hawezi tena kusema kwa uso mkavu kwamba vitabu vya karne ya 13 na ya 17 ni pambo la rafu.

Huku kwetu mlango wa vitabu hivyo una tarehe. Sheria ya Kenya inataja komoni loo, pamoja na amri za bunge za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza, kwa tarehe 12 Agosti 1897. Ya Tanzania inataja 22 Julai 1920. Wakili anayetaka kujua komoni loo ya siku hizo ilisema nini hawezi kwenda kijijini Suffolk kuwauliza wazee. Atafungua kitabu.

Na yaliyomo vitabuni yameingia pia katika sheria tulizoandika wenyewe. Tanzania ilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, fasili mpya ya ubakaji katika kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ilimlinda mwanamke asiye mke wa mtuhumiwa. Mke hulindwa dhidi ya kuingiliwa bila ridhaa ikiwa tu ametengana na mumewe, tundu lile lile la 1949. Kenya ilipopitisha sheria yake ya makosa ya ngono mwaka 2006, kifungu cha 43(5) kiliweka wazi kwamba masharti ya kifungu hicho, kinachoeleza lini kitendo ni cha makusudi na kinyume cha sheria, hayawahusu watu waliooana kisheria. Ni sentensi fupi, inaisha kabla hujavuta pumzi. Wanaoitetea, katika vikao na katika mijadala ya redioni, husema mara nyingi kwamba hizi ni mila zetu, kwamba Mwafrika haamuliwi na Mzungu mambo ya chumbani kwake. Kisha wanaeleza sababu: mwanamke alishakubali siku alipoolewa.