"Plus" moja ilinirudishia doti sita za vitenge

Wauzaji wenzangu wa Kasulu, na nyie wa Kibondo mnaopitishia mzigo Mabamba, leo nina neno kuhusu Kifaransa.

Wengi tunasema hatukihitaji. Mrundi tunaelewana naye kwa Kiha, Mkongo anajua Kiswahili. Ni kweli. Ila msikilize vizuri mteja huyo huyo: anaongea Kiswahili safi, akifika kwenye bei na idadi anahamia Kifaransa. Yaani penye hela ndipo unapoachwa.

Mimi nilipakua programu ya simu, nikasoma miezi mitatu. Nikajua "plus" ni zaidi. Mteja wangu wa Bujumbura, alishachukua doti sita, akanitumia voisi: "J'en veux plus." Nikafurahi, nikafunga doti sita nyingine, nikapakia kwenye gari la Manyovu. Kumbe dada wa watu alikuwa anasema hataki tena! Mzigo ukarudi, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu.

Iko hivi. Kitabuni ukikataa unasema "je n'en veux plus". Kwenye maongezi ile "ne" wanaimeza, kinachobaki ni sauti moja ya mwisho. Akitamka na s mwishoni, anataka zaidi. Akiishia "plu", hataki tena. Akikuandikia ndiyo hatari kabisa, maana s inaandikwa kotekote. Siku hizi namuuliza "combien?", akitaja idadi ndiyo nafunga.

Namba nazo: programu ilinifundisha 70 ni "soixante-dix", kama Ufaransa. Burundi na Kongo walitawaliwa na Ubelgiji, kwao 70 ni "septante" na 90 ni "nonante". Mimi nilikuwa nasikia "sept", saba! (Ukishazoea ni rahisi kuliko ya Ufaransa, kusema ukweli.)

Maoni yangu: sarufi iweke pembeni kwanza. Chukua voisi za wateja wako, sikiliza moja hata mara tano, andika unavyosikia. "Shepa" ni "je ne sais pas", sijui. "Yapa" ni "il n'y a pas", hakuna. Ikikushinda, mtafute mtu aliyesomea ng'ambo ya mpaka, hawakosekani sokoni, mnunulie soda akufafanulie. Watakaosema hicho ni Kifaransa kibovu waache waseme, wateja ndicho wanachoagizia.

Yule dada bado ni mteja wangu. Juzi kaniandikia tena "plus". Nikamjibu, tuma voisi dada.