Klorini Hupungua Njiani

Yako mazoea ya kupima usalama wa maji mahali yanapotoka. Klorini ikitiwa mtamboni kwa kiasi kilichowekwa, taarifa hujazwa, sahihi hutiwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini mwananchi hanywi maji ya mtamboni. Hunywa ya bomba lake, ambayo pengine yamekwisha kaa siku kadhaa njiani.

Katika safari hiyo klorini huliwa na uchafu uliomo majini, kisha huliwa na ukuta wa bomba wenye kutu na utando wa vijidudu. Joto huharakisha upotevu huo. Yote hayo huweza kukadiriwa kwa hesabu. Tangu 1993 idara ya mazingira ya serikali ya Marekani hutoa bure programu ya kompyuta iitwayo EPANET, inayoonyesha klorini itakayosalia katika kila pembe ya mtandao, saa kwa saa.

Huko huko Marekani, hata hivyo, mji wa Flint uliangamia kwa jambo hili. Aprili 2014, chini ya msimamizi aliyewekwa na serikali ya jimbo, mji uliacha maji ya Detroit ukachukua ya Mto Flint ili kupunguza gharama, bila kutia dawa ya kuzuia kutu. Risasi iliyotoka mabombani ndiyo iliyovuma duniani. Habari ya klorini haikuvuma. Mabomba ya chuma yaliliwa, na kutu ikala klorini. Agosti na Septemba wakazi waliamriwa kuchemsha maji. Dawa ikazidishwa, nayo ikazalisha kemikali zenye madhara kupita kiwango cha sheria. Homa ya mapafu ya Legionnaires, ambayo watafiti wameihusisha na upungufu huo wa klorini, iliua watu 12.

Kosa, basi, ni kudhani kwamba dawa nyingi mtamboni ni kinga ya bomba bovu. Kosa jingine ni kuiamini kompyuta isiyolishwa vipimo. Kasi ya bomba kula klorini haijulikani mezani. Hupatikana kwa kupima maji ya bomba lenyewe. Tena hesabu za kawaida huchukulia kwamba mabomba yamejaa saa zote, hali ambayo miji yetu yenye mgao haina: maji yakikatika, uchafu hupenya.

Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 za klorini kwa lita pale mtumiaji anapochota. Shule iliyo mwisho wa bomba ingefaa sana kuchukuliwa kipimo hicho kila wiki, na mwalimu wa kemia akaiandika tarakimu yake ubaoni kabla haijafika ofisini.