Tamasha la sanaa, usanii wa vyumba!

Kila siku nawasema wengine humu ndani, leo najisema mwenyewe.

Nina shangazi yangu Bagamoyo, mjane, ana gesti ya vyumba sita. Usifikirie zile hoteli za ufukweni zenye bwawa la kuogelea. Hii ni nyumba safi tu, neti na feni zipo, na asubuhi chai kwa vitumbua. Wanafikia pale Wazungu wenye mabegi mgongoni waliokuja kuona magofu ya Kaole, na vijana wa Dar wanaokimbia foleni.

Sasa wakati wa tamasha la TaSUBa, ambayo wakubwa zetu bado wanaiita Chuo cha Sanaa, chumba Bagamoyo ni dhahabu. Washikaji zangu wa Kinondoni wakanituma: "Mwambie anti yako atushikie vyumba vitano, siku mbili. Tunatia timu watu kumi!"

Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hao wenzio watatanguliza chochote?"

Nikacheka. "Shangazi, hawa ni watu wangu bwana!"

Ijumaa ilipofika, shangazi akawa anarudisha wageni mlangoni, wengine pesa mkononi. Saa 3 usiku, kimya. Saa 5, simu zao hazipatikani. Kumbe wamepata shughuli nyingine Kigamboni, wameingia mitini jumla! Tamasha la sanaa, wao wakaleta usanii. Piga hesabu: vyumba vitano, shilingi 30,000 kila kimoja, siku mbili. Laki tatu zimeyeyuka, na ndiyo ilikuwa ada ya binamu yangu.

Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa risiti yangu." Jamani, bora angenichapa.

Wiki iliyofuata nikapanda basi, tukakaa barazani na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Ila shangazi alikuwa bado na hasira. Sharti lake la kwanza likawa: "Pesa ikiingia hairudi, hata ufe." La pili: "Asiyetokea atalipa mara tatu."

Nikampigia mchizi wangu mmoja anayesoma sheria pale Mlimani. Akacheka kwanza, halafu akatoa darasa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkitaja kiasi cha kulipwa mtu akivunja makubaliano, kiasi hicho ni kikomo tu. Aliyeumia anapata fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Kwa hiyo kumwandikia mtu mamilioni ya kumtisha ni kujifurahisha.

Pili, masharti mteja ayajue kabla ya kulipa. Akanipa kisa cha Uingereza, mwaka 1949. Mama mmoja, Bi Olley, aliibiwa koti lake la manyoya chumbani, kwenye hoteli ya Marlborough Court. Hoteli ikaonyesha tangazo lililobandikwa chumbani: hatuhusiki na vitu vilivyopotea. Mahakama ikasema mmechelewa, huyu mlishapatana naye mapokezi kabla hajaliona hilo tangazo. Hoteli ikashindwa kesi! Sasa wewe hesabu gesti ngapi masharti yake yako nyuma ya mlango.

Basi tukafuta, tukaanza upya. Yakatoka haya:

Advansi ni nusu ya bei. Bila advansi chumba hakishikwi, hata uwe mtoto wa dada.

Ukighairi siku saba kabla, unarudishiwa yote, makato ya simu tu ndiyo yako. Siku mbili hadi sita, nusu ya advansi. Chini ya hapo hairudi, ila ukipata msiba au ugonjwa unahamisha tarehe mara moja, ndani ya miezi mitatu.

Kuingia saa 8 mchana, kutoka saa 4 asubuhi. Chumba ni cha watu wawili, si daladala.

Bei ni kwa shilingi. Hapa shangazi alikuwa amezoea kuwatajia Wazungu dola, nikamkumbusha kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za huduma za hapa ndani kwa fedha za kigeni.

La mwisho nililisisitiza mimi: kosa likiwa letu, mfano chumba kimepewa mtu mwingine, mgeni anarudishiwa pesa yote na tunamtafutia pa kulala. Na ikitokea balaa lisilo la mtu, kama korona ilivyozuia ndege mwaka 2020, au kimbunga Hidaya cha Mei 2024, mgeni achague: tarehe nyingine au pesa yake. Masharti yanayombana mgeni peke yake ni mtego tu.

Sasa anayepiga simu anatumiwa yote kwa ujumbe, anajibu "nimekubali", ndipo anatuma pesa. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Morogoro alifiwa siku moja kabla ya safari. Akahamishiwa tarehe, hakuna maneno. Aliporudi alikuja na walimu wenzake, wakajaza vyumba vinne.

Wengine mtasema kumdai ndugu advansi ni kumwona tapeli. Hata kidogo! Aliyeniumbua mimi ni kutoandikiana, na waliompiga shangazi bao ni hao hao "watu wangu".

Zile laki tatu namlipa mdogo mdogo, imebaki laki na ishirini. Washikaji wa Kinondoni, kama mnasoma hapa, mchango wenu naungoja. Na mwakani mkitaka vyumba, shangazi anawasalimu: nusu kwanza.

Tukutane wiki ijayo!