Nyumba za Ifakara Zisibomolewe Kimyakimya

Wapo wanaodai kwamba historia iko Kilwa, Bagamoyo na Unguja tu, na kwamba Ifakara haina cha kuhifadhiwa isipokuwa mpunga. Dai hili ni la hatari, kwani anayeliamini huiuza nyumba ya babu yake kwa bei ya kiwanja kitupu.

Itazame nyumba ya Kiswahili katika mitaa ya zamani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na mbele baraza. Je, baraza hilo ni la nani? Kwa hati ni la mwenye nyumba. Lakini hapo ndipo mgeni hukaribishwa, wagomvi husuluhishwa na wafiwa hupewa mkono wa taazia. Safu ya fremu za maduka ikijengwa mpaka ukingoni mwa barabara, mtaa mzima umenyang'anywa, wala hakuna aliyeulizwa!

Pengine utasema sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulitambua jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baadaye husubiri mpaka Waziri alitangaze. Nyumba za udongo na matofali za bonde la Kilombero zitasubiri sana. Mnunuzi wa kiwanja, tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa 2018, ana sababu gani ya kusubiri?

Wala tusidanganyike na majina makubwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Lamu walitangulia kwa jambo la busara: mwaka 1991, miaka kumi kabla ya mji wao kupata heshima hiyo hiyo, iliundwa tume ya mipango ya kuishauri serikali ya mji juu ya hifadhi.

Uislamu umetufundisha kushauriana, na Sheria ya Mamlaka za Miji ya 1982 imezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Basi Halmashauri ya Mji wa Ifakara itunge moja: nyumba ya zamani isibomolewe, wala baraza lake lisizibwe, kabla ramani haijabandikwa ofisi ya mtaa na kusikilizwa na kamati ya wazee, akina mama na mafundi. Maskini anayebadilisha bati linalovuja asisumbuliwe. Na kamati ikikaa siku thelathini bila jibu, mwenye nyumba aendelee na ujenzi wake.