Fungu la Mtoto Halisamehewi na Wazee



Wapenzi wasomaji, twaijua desturi ya ndugu zetu wa Garissa na Kaskazini Mashariki. Roho ikipotea, wazee hukaa kikao cha maslaha, hutaja kiwango, huomba dua, na jambo likafungwa. Leo twauliza: mama akifa uzazini kwa uzembe uliothibiti, akaacha watoto wadogo, je, fidia yake ina kikomo? Na ni nani awezaye kuisamehe?

Zipo nchi zilizoweka kikomo cha wazi. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1975 kwamba katika kesi za uzembe wa tiba, maumivu na huzuni zisilipwe zaidi ya dola 250,000. Gharama za matibabu na kipato kilichopotea havikuwekewa mpaka. Hoja ilikuwa kwamba bima ya madaktari imepanda mno, na wakilemewa watakimbia kazi. Kiwango hicho kilikaa karibu miaka 50 huku thamani ya fedha ikishuka, hadi sheria ya 2022 ilipoanza kukipandisha.

Kenya haina kikomo kama hicho kwa kesi za matibabu. Hakimu hukadiria kwa kutazama kesi zilizotangulia. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini, kisha akapigwa na wauguzi, alipwe shilingi milioni 2.5.

Hata hivyo mipaka ipo, ila imejificha. Wa kwanza ni wakati. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na kwa kesi dhidi ya serikali iko sheria itajayo miezi 12 tu. Wa pili ni hesabu. Kwa umri uliokatizwa, mahakama zimezoea kutoa kiasi cha shilingi 100,000. Fungu kubwa hutokana na kipato cha marehemu. Basi yule mama aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni bila risiti hata moja atahesabiwaje? Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 2005 kwamba kipato hakithibitishwi kwa karatasi peke yake. Wateja wake na wenzake wa sokoni ni mashahidi.

Sharia nayo ina kiwango chake: diya ya ngamia 100. Kwa mila za huko mwanamke huhesabiwa 50, na wengi wa mafakihi wa kale waliandika vivyo hivyo; mjadala wake hatuufungui leo. Kiwango maalumu kina hekima. Hukata ubishi, na kuua kwa kukosea hulipwa na aqila, yaani jamaa kwa pamoja, asifilisike mtu mmoja. Tena Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana yule ajitiaye utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake.

Lakini linalosahauliwa vikaoni ni hili: diya ni mirathi. Sayyidna Umar (r.a.) aliona kwamba mke hana fungu katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomjulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alimwandikia amrithishe mjane wa Ashyam. Umar akaiacha rai yake.

Kwa hiyo diya si mali ya ukoo, wala ya mzee aliyezungumza vizuri. Ni ya mume wa marehemu, wazazi wake na watoto wake, kila mmoja kwa fungu lake. Mtu mzima aweza kusamehe lililo lake, na kusamehe kuna thawabu kubwa. Ama fungu la mtoto mdogo, halisamehewi na baba, ami, babu wala sheikh. Mlezi amewekewa amana, na amana haitolewi zawadi.

Wengine husema: ni kadari, tusiulize. Kweli, ajali imeandikwa. Lakini aliyeiandika ndiye aliyeifaradhisha diya. Kuuliza si kukosa subira.

Wala si kila kifo ni uzembe. Damu huweza kumshinda tabibu hodari, na twawashukuru waganga wanaofanya kazi mbali na vifaa na mbali na wenzao. Ndiyo sababu yapasa kuuliza kwa utaratibu. Ombeni kumbukumbu za matibabu mapema, kwani Katiba, kifungu cha 35, yatoa haki ya kupata habari. Andikeni tarehe na majina ya waliokuwapo. Mwenendo wa daktari hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Fidia hudaiwa mahakama za kawaida, kwani Mahakama ya Kadhi imewekewa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Na mkichagua maslaha, mama wa marehemu na awepo kikaoni, na fungu la kila mtoto liandikwe kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia wakizaa, na atujaalie tuwe walinzi wa haki za watoto wao. Amin.