Mkopesheni Kijana Kompyuta, Si Pikipiki Tu

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Huku kwetu Kyerwa, mkoani Kagera, vijana wakikaa kupanga kikundi, mazungumzo huishia palepale: bodaboda, kuku, nguruwe. Sina ugomvi na nguruwe. Ila kazi yangu ni kuweka nyimbo kwenye flashi na memori kadi hapa Bugomora, na naiona biashara ambayo hakuna anayeiandikia andiko la mradi: muziki wa kompyuta.

Mwenye shaka namwelekeza Nairobi, kwa kundi la Just a Band. Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Midundo yao ya kuchezeka waliipika kwenye kompyuta, na video wakazitengeneza wenyewe. Ile ya "Iwinyo Piny" ni katuni tupu. Wakatoa albamu ya Scratch to Reveal mwaka 2008, 82 mwaka 2009, na Sorry for the Delay mwaka 2012. Katikati ya hapo, Machi 2010, wakaachia video ya "Ha-He" yenye mbabe aitwaye Makmende. Wakenya walimfanyia utani mtandaoni, kila mmoja akiongeza chumvi yake, mpaka magazeti ya Marekani yakamwandika.

Baadaye kila mmoja akashika njia yake. Hapo wazee hunikatiza: "Si unaona? Kundi limekufa, na mkopo nani angelipa?"

Limekufa wapi? Masya aliongoza filamu ya Kati Kati, iliyopewa tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la Toronto mwaka 2016. Sellanga, anayejiita Blinky Bill, alitoa albamu yake mwaka 2018. Chuchu yuko kwenye filamu na sanaa ya picha. Hiyo ni karakana: umeingia unajua kuimba, umetoka unajua kupiga picha, kuhariri na kuuza.

Na tusiseme hayo ni ya wasomi wa Nairobi. Singeli imetoka uswahilini Dar es Salaam, kwenye vyumba vya joto na kompyuta za mtumba. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, na vijana wa huko Mburahati, Dar es Salaam, wakaanza kuitwa kupiga Ulaya.

Hapa kibandani kwangu huja kijana na laptop ambayo herufi za kibodi zimefutika na betri haishiki chaji. Umeme ukikatika kabla hajahifadhi kazi, anaanza upya. Amerekodi enanga, kinanda chetu cha nyuzi, kwa simu, akaipachika juu ya mdundo wa singeli, na wateja wakiisikia huniuliza ni ya nani. Mkoa wetu, uliomtoa mwimbaji Saida Karoli, aliyeimba Kihaya nchi nzima ikacheza, hauna sababu ya kuionea haya enanga.

Kwa hiyo maofisa maendeleo ya jamii nawaomba hivi: kikundi cha muziki kikileta andiko, msikirudishe kwa kuwa hakina banda la kuku. Kiulizeni nani anatengeneza mdundo, nani anapiga video, nani anashika daftari la fedha. Kionyeshe marejesho yatatoka wapi: kurekodi kwaya za kanisani, video za harusi, matangazo ya wafanyabiashara wa minadani. Kompyuta nzuri ya mtumba na maikrofoni havifiki bei ya pikipiki mpya. Kikishindwa kujibu, kinyimeni kama mnavyomnyima mwingine yeyote. Kikijibu, kipeni fedha, kisha mdai rejesho kila mwezi bila huruma.